Jina Lililotoka Mdomoni mwa Mama Januari

Mwangaluka, wasikilizaji wapendwa. Ni asubuhi ya Jumamosi, na saa hii tumezoea kukaa na mtu ambaye hatunaye tena. Leo tunakaa na fundi cherehani. Jina lake ni Apolonia Mageni. Wengi wenu mlimfahamu kama Mama Januari, yule wa barazani kwa Bi Nurjahan, mjini Kahama. Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita baada ya kuugua figo. Alizikwa Alhamisi.

Nilikwenda msibani kukusanya habari zake. Nilitegemea kusikia kwamba alikuwa mpole, mcheshi, mpenda watu. Ndivyo tunavyosema chini ya turubai, na ni vizuri kusema hivyo. Lakini mtu wa kwanza niliyemuuliza ni mwanawe, Januari, na Januari alinijibu hivi:

"Mama yangu alikuwa na wivu. Kasemeni hivyo redioni. Mwenyewe aliniagiza, mkija kuuliza nisiwafiche."

Nikadhani nimesikia vibaya. Akarudia. Wivu. Basi leo nitawasimulia habari za mama aliyekuwa na wivu, na nitawasimulia kama nilivyosimuliwa na watu wake.

Apolonia alizaliwa katika kijiji kimoja cha jirani na Mwakitolyo, enzi ambazo huko watu walijua pamba na ng'ombe, dhahabu haijaleta watu. Alikuwa mtoto wa pili wa kike. Mdogo wake, mzee Mabula, ambaye yuko hai na anafuga mpaka leo, anasema hapo ndipo mambo yalipoanzia. Kila nguo aliyovaa Apolonia ilikuwa imevaliwa kwanza na dada yake. Viatu vya kipaimara vilinunuliwa kwa ajili ya dada, yeye akavivaa mwaka uliofuata, vikiwa vimepinda kwa kuufuata mguu wa mwenzake.

Siku moja akachukua gauni alilorithi, akalifumua lote, akalishona upya kwa sindano ya mkono. Akaligeuza kola, akabana kiuno, akaweka pindo alilolitoa kwenye mfuko wa zamani wa mama yao. Jumapili akalivaa kanisani. Dada yake alipoliona alilia mpaka akatolewa nje.

"Tulimsifu kwa kipaji," mzee Mabula aliniambia. "Baba akasema huyu apelekwe kwa fundi akajifunze. Hakuna aliyemuuliza kwa nini alikuwa anatabasamu vile mwenzake akilia."

Basi akapelekwa kwa fundi. Akajifunza. Akaja Kahama, akaolewa na Mayala, mchimbaji wa dhahabu. Mayala alifuata machimbo mpaka Runzewe, akapata mke mwingine huko, na huko huko akafia. Mama Januari akabaki na mtoto mmoja na cherehani moja. Hakuolewa tena. Jirani akijenga, yeye hapiti njia ile. Rafiki akimwoza binti, yeye anaumwa kichwa siku ya harusi, kisha Jumatatu anauliza kama wali ulitosha. Kitenge alichokinunua akikiona kwa mtu mwingine, hakivai tena.

Lakini kazi alikuwa nayo mikononi. Bi Nurjahan, mwenye duka la vitambaa, alimpa nafasi barazani kwake. Ninyi wa Kahama mnajua ilivyo: unanunua kitambaa ndani, unatoka, fundi anakuchukua vipimo hapo hapo mlangoni. Mgodi wa Buzwagi ulipokuwa unafanya kazi, mji ulijaa, na Mama Januari alishona mpaka akawa anakataa wateja. Kanisani akachaguliwa mwenyekiti wa akina mama. Alisali rozari kila siku. Alifunga Kwaresima bila kukosa. Mtu angesema hapa kuna Mkristo aliyekomaa.

Ndipo akaja Nelly.

Nelly alikuwa binti wa Mwakitolyo aliyelelewa na bibi yake. Bibi huyo anaitwa Kabula. Mkumbuke jina hili, wasikilizaji, maana litatupeleka mbali. Bibi Kabula alimleta mjukuu wake mwenyewe, kwa basi, na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, begani, akamwomba Mama Januari amfundishe ushonaji. Mama Januari akamchukua, akamlaza kwake, akamlisha, akamfundisha kukata, kupima, kutia mikono ya gauni isivute kwapani. Alimpenda. Kila anayemfahamu anasema alimpenda, na Nelly mwenyewe hakatai.

"Alinifundisha kama mtoto wake," Nelly aliniambia. "Hakunificha kitu. Ila baadaye, nilipoanza kuulizwa kwa jina langu, akabadilika."

Kuulizwa kwa jina lake. Hapo ndipo kidonda kilipo. Wateja walianza kutoka dukani na kitambaa mkononi, wanafika barazani, wanasema, "Nelly yupo?" Mama Januari yuko pale, amekaa, futi ya kupimia shingoni, na mtu anamuuliza yeye kama Nelly yupo.

Nelly alipopata cherehani yake, Bi Nurjahan alimpa upande wa pili wa baraza ile ile. Bi Nurjahan anasema hakufikiria kwamba anafanya kosa. Baraza ni ndefu. Lakini tangu siku hiyo Mama Januari aligeuza kiti chake kikatazama ukuta. Alishona akiwa amewapa watu mgongo.

"Nilimwambia, Mama Januari, mwanga uko huku, macho yataharibika," Bi Nurjahan alinisimulia. "Akaniambia kule kuna vumbi. Vumbi lipi? Nilijua ni nini. Mimi pia nina mashemeji wenye maduka, najua vumbi hilo."

Kisha ikaja jubilei ya parokia. Kwaya ilitaka sare mpya. Kwa miaka yote sare za kwaya alishona Mama Januari. Safari hii viongozi wa kwaya walipita mbele ya kiti chake, wakamsalimu vizuri sana, shikamoo mama, wakaenda upande wa pili.

Siku ya jubilei alikaa benchi la karibu kabisa na kwaya. Watu walidhani ni ibada. Alikuwa anakagua. Ibada nzima macho yake yalitembea juu ya zile sare, begani, kiunoni, kwenye pindo, akitafuta mshono mmoja uliokaa vibaya. Hakuuona. Alirudi nyumbani akalala na homa ya kweli, mwili unachemka. Januari alimpeleka zahanati, wakampima malaria. Hakuwa na malaria.

Kwa ambao mmefungua redio sasa hivi: tunamkumbuka marehemu Apolonia Mageni, Mama Januari, fundi cherehani wa Kahama.

Baada ya hapo mgodi wa Buzwagi ukafungwa. Mnakumbuka wenyewe. Wafanyakazi walihama na familia zao, nyumba za kupanga zikabaki wazi, na kila mfanyabiashara wa mji aliona tofauti. Wateja wa Mama Januari wakapungua. Wa Nelly nao walipungua, lakini hilo Mama Januari hakuliona, maana alikuwa anatazama ukuta. Yeye aliona jambo moja tu. Alikuwa na wateja kabla ya Nelly, na sasa hana.

Akaanza kuomba. Na katika maombi yake alikuwa na swali moja, Bwana, nani amenifunga? Nani amekalia nyota yangu? Alizunguka na swali hilo mpaka likampeleka nje ya mji, kwenye hema la mtumishi mmoja. Jina la mtumishi huyo halina kazi hapa. Huyo mtu alimwekea mkono kichwani, akamwambia, kuna mwanamke anakula karibu nawe. Mama Januari akasema ndiyo. Akamwambia, mwanamke huyo ni kijana, hatendi peke yake, nyuma yake kuna mzee. Ana bibi?

Mama Januari akajibu, "Anaye. Anaitwa Kabula."

Mtumishi akasema, "Basi."

Basi tu. Wasikilizaji wapendwa, angalieni jambo hili lilivyokwenda. Yule mtu hakutaja jina. Aliuliza. Aliyejibu ni Mama Januari. Na yeye mwenyewe, kila aliposimulia habari hizi miaka ya baadaye, alisimama hapo hapo, akasema: "Jina halikutoka kwake. Lilitoka mdomoni mwangu."

Alirudi mjini akamweleza mwenzake wa kanisani, Mama Juliana, kwa siri. Mama Juliana ana ndugu Mwakitolyo. Naye hakulitangaza, alimwambia dada yake tu, kwa siri. Siri hiyo ikapanda gari ikafika machimboni. Na ilipofika ilikuta vijana wamekasirika, maana duara lao, yaani shimo wanalochimbia dhahabu, lilikuwa limekata. Walikuwa wameingiza nguvu zao zote mle na mwamba hautoi kitu. Nao walikuwa wanauliza swali lile lile. Nani ametufunga?

Bibi Kabula alikuwa na macho mekundu. Alikuwa amepika kwa kuni na samadi maisha yake yote, na amekausha michembe juu ya moshi. Macho mekundu, wasikilizaji. Tunajua katika mikoa yetu macho mekundu, yanayoitwa ya mchawi, yamewagharimu nini wazee wetu.

Alikuwa kisimani nyumba yake ilipochomwa. Ilikuwa mchana, watu wapo. Aliona moshi akiwa na ndoo kichwani, na mwanamke mmoja jirani akamshika mkono akamzuia asiende. Katekista wa kigango, Onesmo, akamficha nyumbani kwake. Bibi hakuguswa. Lakini hakubaki na kitu, ila ndoo na nguo aliyovaa.

Simu ilimfikia Nelly akiwa barazani, anashona. Cherehani yake ilisimama. Mama Januari, mgongo ukiwa umegeuka, alisikia kila neno. Alisikia nyumba. Alisikia moto. Alisikia Nelly akiuliza, bibi yuko hai? Halafu akamsikia akikusanya vitu vyake na kuondoka mbio kuelekea stendi.

Ninayowaambia sasa aliyasema Mama Januari mwenyewe, mbele ya watu, si mara moja. Alisema kitu cha kwanza kilichoingia moyoni mwake hakikuwa huruma. Hakikuwa hata hofu. Alifikiria kwamba Nelly ameondoka, na kwamba wateja watarudi kwake. Alijisikia vizuri. Alivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo. Kisha akaisikia pumzi yake mwenyewe, na akaogopa.

Alisema alikuwa amekaa kanisani tangu utoto na hakuwahi kumwogopa shetani kama alivyojiogopa siku ile, akiwa amekaa kwenye kiti chake, uzi mkononi, anafurahi.

Alikwenda kuungama. Akapiga magoti akamweleza padre mambo yote. Alieleza jinsi Nelly alivyomchukulia wateja, Nelly alivyomchukulia kwaya, Nelly alivyosahau fadhila, Nelly alivyokuwa na kiburi, na jinsi yeye, kwa uchungu huo, alivyokwenda kwenye hema. Alisema kwa muda mrefu. Alipomaliza padre akamwambia:

"Mama, umeungama dhambi za Nelly. Za kwako ziko wapi?"

Alisema hapo alitafuta neno akakosa. Maana dhambi nyingine zote alizijua majina, uongo, uvivu wa kusali, hasira. Hii alikuwa nayo tangu gauni la utotoni na hakuwahi kuiweka mdomoni. Aliyekuwa amemfunga alikuwa anaamka naye, anakwenda naye misa, anakaa naye benchi la mbele. Akasema, "Padre, nina wivu." Alisema baadaye kwamba alilia kwa aibu zaidi kuliko kama angekiri kuiba.

Alidhani atapewa sala za kusali, arudi nyumbani. Padre alimwambia sala atasali. Lakini jina la yule bibi lilitoka mdomoni mwake likaenda kwa watu, na kwa watu lazima aende akalirudishe.

Wasikilizaji wapendwa, hapo Mama Januari alipigana. Alikaa na neno hilo kwa siku kadhaa. Kama angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Mama Juliana asingesema, maana naye alikuwa na sehemu yake. Vijana wa machimbo hawakuwahi kumsikia. Kama angesema, angepoteza uenyekiti wa akina mama, angepoteza heshima, na bila shaka angepoteza wale wateja wachache waliobaki. Na Nelly angejua. Hilo la Nelly ndilo lililomkaba zaidi.

Alipanda basi, kisha bodaboda, akafika Mwakitolyo. Akaenda kwa katekista Onesmo akamwomba ampeleke kwenye mkutano wa kijiji, maana ulikuwa umeitishwa kujadili yaliyotokea, na wapo waliotaka bibi ahamishwe kabisa. Onesmo anasema alimsihi asubiri, hali si nzuri, watu wana hasira. Mama Januari akamjibu kwamba akisubiri atapata akili na kurudi Kahama.

Akasimama mbele ya watu. Nelly alikuwepo, amekaa chini na bibi yake. Mama Januari hakusema mengi. Onesmo anayakumbuka:

"Mimi naitwa Apolonia. Nimezaliwa huku. Bibi huyu hana uchawi. Mimi nilimwonea wivu mjukuu wake, kwa sababu anashona kunizidi. Nikaenda kutafuta mtu wa kumlaumu, na jina la bibi likatoka mdomoni mwangu. Hamna mwingine aliyelianzisha. Ni mimi."

Watu wakacheka. Mmoja akasema huyu naye karogwa. Mzee mmoja akasimama akauliza, kama si bibi, mbona duara la vijana limekata? Mama Januari akamjibu kwamba yeye ni fundi cherehani, habari za dhahabu hazijui. Anajua tu jina lilipotoka.

Mkutano ulivurugika. Wengine walimtukana. Lakini Onesmo anasema baada ya maneno yale hakuna aliyeweza tena kusimama kumshitaki bibi kwa sauti. Walikuwa wamemwona aliyeanzisha, na alikuwa mama wa kawaida, ameshika mkoba. Bibi Kabula hakuhamishwa.

Mama Januari akamfuata bibi, akapiga magoti. Shikamoo bibi. Bibi akaitika marahaba, maana salamu ni salamu. Akaombwa msamaha. Bibi Kabula akamtazama kwa yale macho mekundu, akamwambia, akimwita mayu, yaani mama:

"Mayu, maneno yako yamefika. Nyumba yangu bado."

Nelly aliinuka akaondoka.

Basi Mama Januari akabaki Mwakitolyo. Alikaa msimu mzima wa kilimo. Alichota maji, akakanyaga udongo wa matofali, akabeba nyasi. Cherehani yake ilifunikwa kitambaa barazani, na wateja wake wote, mmoja mmoja, wakahamia kwa Nelly ambaye alikuwa amerudi mjini kazini. Bi Nurjahan alimpigia kumjulia hali, na katika mazungumzo, bila kufikiri, akamwambia kwamba Nelly amepewa kazi ya sare za shule.

Mama Januari alikuwa na udongo mpaka magotini. Na wivu ukaja. Ulikuja pale pale, kwenye kazi ya toba, ukiwa na nguvu kama siku ya jubilei. Alikaa chini akakata tamaa. Alikuwa amedhani ukiungama kitu kinaondoka.

Bibi Kabula akamuuliza ana nini. Akamwambia ukweli, bibi, lile jambo limerudi. Bibi hakushangaa. Tangu siku hiyo kila asubuhi, kabla ya kazi, alimuuliza, leo lipo? Siku nyingi jibu lilikuwa lipo. Bibi akasema, "Basi tukalete maji." Wakaenda. Hakumpa mahubiri. Mama Januari alisema hayo yalikuwa mafundisho makubwa kuliko yote aliyopata, kwamba lile jambo linaweza kuwepo, na maji yakaletwa.

Nyumba ilisimama. Ina bati. Ipo mpaka leo.

Aliporudi Kahama, uenyekiti alikuwa ameshavuliwa. Mama Juliana alimkwepa. Akarudi barazani akaanza upya na kazi za kuweka viraka na kupunguza suruali. Kiti chake akakigeuza kikatazama njia. Kila asubuhi Nelly alipita, akamwamkia, akaenda upande wake.

"Nilimwamkia kwa sababu bibi alinifundisha kuamkia wakubwa," Nelly aliniambia. "Sikuwa nimemsamehe. Nilikuwa nikimwona naona moshi."

Ilikuwa hivyo kwa zaidi ya mwaka. Halafu siku moja Mama Januari akasimama, akavuka baraza, akafika mbele ya cherehani ya Nelly. Akamwambia, "Nelly, leo nimekuonea wivu. Ni hiyo kola. Sijui umeikataje." Akarudi akakaa.

Nelly anasema alikasirika. Alijiuliza huyu mama anataka nini tena. Lakini wiki iliyofuata Mama Januari akaja tena. Leo nimekuonea wivu, yule bibi harusi amekukumbatia. Na tena. Leo nimekuonea wivu kwa ajili ya kicheko chako na wateja. Kila lilipomjia, alivuka baraza akalisema, kwa sauti ya kawaida, kama anaomba uzi. Alimweleza Nelly kwamba amegundua likikaa ndani linatafuta jina la mtu. Likitolewa nje linabaki kuwa wivu tu.

"Siku nyingine nikamwambia kaa, nikuoneshe kola inavyokatwa," Nelly alisema. "Mwalimu wangu. Nikamwonesha kukata kola. Hapo ndipo nilipolia."

Habari hizi zilienea, na katika jumuiya ndogondogo akina mama walianza kumwita azungumze. Hakuwa msemaji mzuri. Alisimulia tu, kama nilivyowasimulia. Alisema akina mama wengi huja kwenye sala wakiuliza nani amewafunga, na yeye alizunguka na swali hilo mpaka likachoma nyumba. Aliwaomba kabla ya kutoka mlangoni kwenda kumtafuta mbaya wao, wakae kwanza mbele ya Mungu bila kutaja jina la mtu yeyote isipokuwa la kwao. Wapo waliomcheka. Wapo waliomfuata baadaye, mmoja mmoja, wakamweleza mambo ambayo hakuwahi kuyasema kwa mtu.

Figo zilimshika mwaka juzi. Hospitalini Nelly alikwenda kila Jumapili. Januari anasema hata pale kitandani mama yake hakubadilika. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa anatembelewa na watu wengi, na mama alimnong'oneza mwanawe kwamba anamwonea wivu. Kisha akamwagiza achukue machungwa yao ampelekee. Siku ya mwisho alikuwa hawezi kusema sawasawa. Alimshika Nelly mkono, akauangalia mshono wa nguo aliyovaa, akatikisa kichwa taratibu. Nelly akamwambia, najua, mama.

Msibani watu walikuwa wengi. Kwaya iliimba. Bi Nurjahan alifunga duka, akakaa na wafiwa tangu asubuhi. Na kutoka Mwakitolyo akaja Bibi Kabula, ameshikwa mkono na katekista Onesmo, maana sasa haoni vizuri. Zamu ya neno la wafiwa ilipofika, akaomba aseme. Wengine walikuwa hawajui yeye ni nani. Alisimama kando ya kaburi, akasema kwa Kisukuma, na Onesmo akatafsiri:

"Nimeishi miaka mingi. Nimeitwa mchawi na watu wengi, na wengine walikuwa wanakula kwangu. Hao wote nilisikia habari zao kwa watu. Huyu peke yake ndiye aliyekuja akaniambia mwenyewe."

Akachukua udongo, akautia kaburini. Akasema wabeja, mayu, asante, mama. Akarudi kukaa.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya watangazaji wenzangu natoa pole kwa Januari na familia yake, kwa mzee Mabula, kwa Nelly, kwa Bi Nurjahan na mafundi wote wa baraza ile, na kwa akina mama wa parokia. Bwana ampokee Apolonia Mageni, fundi, mama, mwanamke aliyekuwa na wivu na hakuuficha.

Hapa huwa tunapiga wimbo. Leo sitapiga. Nitazima kipaza sauti kwa dakika moja, na redio yako itanyamaza. Usidhani imeharibika, usiigonge. Ni kwamba kila mmoja wetu ana mtu ambaye jina lake limo mdomoni mwake asubuhi hii, na huenda mtu huyo yuko kisimani, hajui kitu. Kaa na Mungu dakika hiyo. Usimtajie jina hilo. Mtajie la kwako.

Tunyamaze.